Nimetua Kwenye Mahindi ya Watu

Leo nimeaibika, tena kwetu, mbele ya mama yangu na akina mama wote wa kanisa lake. Naandika nikiwa bado na maganda ya mahindi kwenye nywele. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Kwa wasionijua, naitwa Jebet na kazi yangu ni kuruka kutoka kwenye ndege. Nimezaliwa Chepsaita, nje ya Eldoret, ambako mtoto akionekana ana miguu miwili anaambiwa akimbie. Nilikimbia. Shule ya msingi nilimaliza wa mwisho mara nyingi hadi mwalimu wa michezo akanihurumia, akanipeleka kuruka juu. Huko nikapata nafuu. Sekondari nikafika mashindano ya kaunti. Baadaye nikapata kazi ya kufundisha wageni mazoezi kwenye hoteli moja pwani, mgeni mmoja akanialika nijaribu parachuti, nikaruka mara moja, na mambo ya hoteli yakaishia hapo. Huu ni mwaka wa saba. Nina leseni, nimeshindana nje ya nchi, nafundisha wengine.

Mama hajawahi kuikubali hiyo kazi. Hajawahi kuiona pia. Akiulizwa kanisani husema, "Jebet yuko pwani, anafanya mambo ya hewa." (Kuna watu pale wanaamini natengeneza feni.) Kwa hivyo shule yangu ya zamani iliponialika nitue uwanjani siku ya michezo, nilikubali kabla mwalimu mkuu hajamaliza kuongea. Nilitaka kitu kimoja tu: mama anione nikishuka, halafu awaambie watu kwa mdomo wake kwamba binti yake ana kazi. Alikubali kuja. Alikuja na akina mama kumi na wawili.

Mtu wa kazi hii akialikwa mahali papya huenda mapema akakague uwanja. Mimi sikwenda. (Nimezaliwa pale, nikague nini?) Nilimpigia mwalimu mkuu simu tu.

"Mwalimu, tandika turubai kubwa ya bluu katikati ya field. Nikiona bluu, nashuka hapo."

"Hiyo ni rahisi sana," akasema. "Turubai ziko."

Kweli ziko. Huu ni msimu wa kuvuna. Mimi nimeanika mahindi tangu nikiwa na miaka mitano, lakini kukaa pwani kumenitoa akili. Leo mlango wa ndege ulipofunguliwa nikachungulia, nikaona bluu. Nikaona bluu nyingine. Kila boma kutoka pale hadi mji wa Turbo lilikuwa limeanika mahindi juu ya turubai la bluu.

"Umeiona?" rubani akauliza.

"Nimeiona," nikamjibu. Sikudanganya. Nilikuwa nimeona kama arobaini. Wingu zito lilikuwa linakuja na hatukuwa na muda wa kuzunguka tena, kwa hivyo nikaruka.

Parachuti likafunguka vizuri. Nikachagua turubai kubwa kuliko yote, lililozungukwa na watu. Hawakufika ishirini, lakini nikajiambia shule yenyewe ni ndogo. Wakaanza kupunga mikono. Na mimi nikapunga. (Kumbe walikuwa wananifukuza.) Hewa ya huku kwetu ni nyepesi na parachuti hushuka kwa kasi kuliko pwani, jambo ambalo nililikumbuka nilipofika usawa wa mikaratusi. Nilitua kwa makalio, nikateleza, nikayagawa yale mahindi katikati, nusu yakaruka kwenye nyasi. Nikaishia miguuni pa mama mmoja aliyeshika reki.

"Viatu," akasema.

"Mama?"

"Toa viatu. Hiyo ni mahindi ya kula."

Nikavua. "Pole sana, Mama. Nimekosea. Nilikuwa naenda kwa shule."

"Shule iko huko." Akanionyesha ng'ambo ya bonde kwa ile reki. "Na mvua iko hapa. Shika gunia."

Jina lake ni Mama Salina. Huku kwetu mvua ikikuta mahindi nje hakuna mgeni. Anayepita njia huweka mzigo wake chini akasaidia, hata awe mchungaji. Na mimi sikuwa napita tu, nilikuwa nimeyamwaga. Nikashika gunia.

Kipaza sauti cha shule kilisikika hadi pale. "Wazazi, msitoke," mwalimu mkuu alikuwa akisema. "Jebet wetu ako hewani. Endeleeni kuangalia juu." Nilikuwa nimepiga magoti, naokota punje moja moja kwenye nyasi. Simu nilikuwa nimeiacha kwa rubani. Baada ya muda nikamsikia tena: "Bado ako juu. Hii kazi yake inataka subira."

Matone yakaanza kabla hatujamaliza. Mama Salina akaliangalia parachuti langu.

"Hiyo kitambaa inashika maji?"

"Hapana, Mama, hiyo ni ya kazi."

"Itashika kidogo."

Ndivyo parachuti langu la mashindano lilivyobaki kwa Mama Salina, limefunika mahindi, limekandamizwa kwa mawe pembe zote. Mimi nikaenda shuleni kwa miguu, karibu kilomita mbili, mvua ikininyeshea. Nikaingilia getini kama mwanafunzi aliyechelewa.

Watu wote walikuwa wamejificha ndani ya mahema. Wote isipokuwa mama. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, kando ya turubai la bluu, leso kichwani, anaangalia juu. Moyo uliniuma, siwezi kuwadanganya.

"Mama," nikaita nyuma yake.

Akageuka. Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika mbio na maikrofoni yake, akaiweka katikati yetu.

"Ulikuwa wapi?" mama akauliza.

"Kwa Mama Salina. Nilitua huko. Nilikuwa namsaidia kuanua mahindi."

Akaangalia upande wa nyumbani.

"Umeanua ya Salina," akasema polepole, "na yetu iko nje inanyeshewa, kwa sababu mimi niko hapa nakungoja?"

Sijawahi kusikia mahema yakicheka namna ile. Mchungaji wa kanisa la mama alicheka hadi akashika nguzo. Mmoja wa wale akina mama wa kanisa akatoa kichwa nje akauliza, "Mama Jebet, huyu ndiye ule wa hewa?"

Mama akatoa ganda la mahindi kwenye nywele zangu, akalitupa.

"Ndiye huyu," akasema, na maikrofoni ikasema naye. "Anaruka kutoka kwa ndege. Ni kazi yake." Kisha akafikiri kidogo. "Leo amekuja na miguu."

Nililia. Nikasingizia mvua, hakuna aliyeniamini. Mama hakungoja nimalize, akanishika mkono tukaenda nyumbani karibu tukikimbia.

Sasa hivi niko jikoni kwake na mahindi yaliyolowa yametandazwa sakafu nzima, hakuna pa kukanyaga. Anayetaka kucheka aje acheke huku. Kuna mahindi ya kugeuza.