Rula ya Sentimita Thelathini na Mbili

Kwa Katibu,
Kamati ya Maandalizi,
Tamasha la Katuni Huru.

Ndugu Katibu,

KUHUSU: MALALAMIKO SITA, NA OMBI MOJA LA KURUDISHIWA BINTI

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshapumzika na pilikapilika za tamasha, maana mimi sijapumzika. Leo ni siku ya tisa tangu nitoke kwenye ukumbi wenu na hasira bado ninayo, mbichi kabisa.

Nijitambulishe kwanza, usije ukadhani unaandikiwa na mhuni. Mimi ni mchora ramani mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne nimechora mipaka ya viwanja katika ofisi ya ardhi, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuchimba choo chake kwa jirani kwa sababu ya mstari wangu. Nina mke mmoja na binti mmoja. Binti huyo ndiye aliyekaa meza ya kumi na moja kwenye tamasha lenu. Miaka miwili iliyopita nilimwambia kwamba katuni si kazi, na kwamba ndani ya nyumba yangu ama atachora viwanja ama hatachora kitu. Akachagua jambo la tatu ambalo mimi sikulitaja: akachukua begi lake akaondoka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikuchelea, Katibu, na sijui kwa nini wahenga hawakumalizia.

Nilikuja ukumbini kwa jambo moja tu, kumrudisha mtoto nyumbani. Ndani ya bomba langu la plastiki la kubebea ramani nilikuwa na fomu ya kuomba kazi katika ofisi yangu ya zamani, nimeshamjazia kila kitu isipokuwa sahihi, na ramani moja niliyoichora kwa mkono wangu ili aone kazi ya heshima inafananaje. Mtoto sikurudi naye. Nimerudi na haya:

1. Beji. Pale getini nilimweleza yule dada wa mapokezi, kwa utaratibu kabisa, kwamba mimi ni baba wa mtu. Akaliangalia bomba langu, akauliza kama humo ndani mna kazi zangu. Mimi sisemi uongo, nikasema zimo. Papo hapo nikavishwa beji shingoni imeandikwa MTUNZI kwa herufi kubwa, nikaongozwa hadi meza ya arobaini, karibu na mlango wa choo, ambayo mwenyewe alikuwa amepata udhuru. Ningekataa, lakini magoti yangu na kile kiti walikuwa wameshaelewana. Sasa nauliza: kamati gani hii inayogawa vyeo kwa kuangalia mtu kabeba nini? Angekuja mtu na ngazi mngemfanya mwenyekiti?

2. Kusomwa kwa ramani. Niliitandaza mezani ili isiendelee kujikunja. Ni ramani ya mtaa mmoja wenye viwanja thelathini na sita, kila kimoja na namba yake, haina doa. Kabla sijakaa vizuri watu wakaanza kuisoma. Nasema kuisoma! Kiwanja cha kwanza, cha pili, cha tatu, wanafuata kwa kidole, wanatikisa vichwa, wengine wanaguna. Mwanamke mmoja mwenye miwani ya duara alipofika kiwanja namba ishirini na mbili, ambacho nilikiacha kitupu kwa kuwa kilikuwa na kesi, alisimama hapo muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyehama. Nikamwambia huo ni mgogoro wa mpaka. Akafuta machozi akasema pole, ameelewa. Ameelewa nini, jamani, wakati mimi niliyechora sijaelewa? Kisha akataka kujua sehemu ya pili inatoka lini.

3. Jirani. Kushoto kwangu mliniwekea fundi wa friji, mtu mzima, ana wajukuu, ambaye anachora katuni kuhusu mazungumzo ya vitu vilivyomo ndani ya friji mlango ukishafungwa. Nyanya hamwamini kitunguu. Maziwa yana hofu ya tarehe. Fremu zake, yaani vile visanduku vya michoro, zimepinda, nikawa nasoma nimeinamisha kichwa mpaka shingo ikaniuma. Kwa nia njema nikamwazima rula yangu. Akanishukuru sana, akajikunia nayo mgongo.

Halafu kuna hiyo mila yenu. Mmenieleza nikiwa nimeshanaswa: watunzi hawauziani vitabu, wanabadilishana, unampa chako naye anakupa chake, na kukataa ni kumtukana mtu. Fundi friji akaweka vitabu vyake viwili mbele yangu na kuikodolea macho ramani yangu. Katibu, ile ramani ilinichukua miezi mitatu. Nikampa. Usiniulize kwa nini. Alikuwa amenilindia kiti nilipokwenda kunawa, alinikatia nusu ya mkate wake, na tangu nistaafu hajatokea mtu wa kukaa karibu yangu saa nne mfululizo tukizungumza habari za wino, upi unakauka haraka na upi unakufuata mpaka kwenye kola ya shati. Hiyo ndiyo hila yenu kubwa. Mnamfanya mtu ajione yuko kwa wenzake, kumbe mnamwibia ramani.

4. Mzee Sentimita. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Kutwa nzima nilikuwa nasikia vicheko kutoka upande wa meza ya kumi na moja. Nikamuuliza fundi friji kuna nini kule. Yeye, bila kujua anaongea na nani, akanitolea kitabu kutoka mfukoni akasema hicho ndicho kinachotamba mwaka huu. Kinaitwa Mzee Sentimita. Ni mzee ambaye miwani yake inaning'inia kwa kamba ya viatu, kama yangu. Ana koti la mifuko minne, kama langu. Anazunguka nyumba nzima na rula. Anapima sahani iko mbali kiasi gani na ukingo wa meza. Anapima kicheko cha mkewe na kukikuta kimezidi. Ukurasa wa tisa mtoto wake anamletea mchoro wa jua, naye anaupima, anaurudisha, anasema si duara.

Huo ni uchongezi mkubwa, na ubaya wake ni kwamba hakuna hata moja alilozua. Ila tazama ukurasa wa kumi na mbili. Rula ya huyo mzee ina sentimita thelathini na mbili! Nimehesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa sindano. Rula ina thelathini, dunia nzima inajua. Kama mtu ameamua kumvua baba yake nguo hadharani, basi amvue kwa vipimo sahihi.

Isitoshe, niliporudi nyumbani na kukisimulia kisa hiki kwa uchungu, mama yake hakushtuka. Akaenda zake, akarudi na nakala yake mwenyewe, anayo tangu mwaka jana, alikuwa ameificha ndani ya kopo la sabuni ya unga. Kumbe wanaonana kila mwezi! Sasa mke wangu ananiita Mzee Sentimita mbele ya wageni, na wageni wanajua anazungumzia nini.

5. Foleni. Nilijikaza nikapanga foleni kwenye meza ya binti yangu. Dakika arobaini, nimesimama, fomu mkononi, na maneno kichwani niliyoyafanyia mazoezi siku tatu mbele ya kioo. Katikati ya foleni mama mmoja alinitazama juu mpaka chini, akatazama kitabu, akanitazama tena, akauliza kama mimi ndiye. Nikauliza ndiye nani. Lo! Foleni nzima ikageuka. Wakanipigia makofi. Wakaniomba nitie sahihi ukurasa wa tisa. Nikatia sahihi vitabu kumi na vinne vya kunidhalilisha, na nikiri, mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri.

Nikafika mbele. Binti yangu akainua uso. Amekonda kidogo. Ana doa la wino kwenye kidole kilekile ambacho mimi nimekaa na doa la wino miaka thelathini na minne. Akaniuliza, kama alivyowauliza wengine wote, ila kwa sauti iliyokwaruza, kitabu akiandike kwa nani. Ndugu Katibu, maneno nilikuwa nayo. Naapa nilikuwa nayo. Nikafungua mdomo nikamwambia rula yake ina sentimita thelathini na mbili.

Aliyekuwa nyuma yangu akakohoa. Nikageuka nikaondoka na fomu yangu. Lawama hii naielekeza moja kwa moja kwa kamati. Mngeweka kiti pale mbele, mtu angekaa, na mtu akikaa hupata pa kuanzia.

6. Ukurasa wa pamoja, na ulegevu wa ulinzi. Kwa wanakamati wasiojua kinachofanyika kwenye tamasha lao wenyewe: kuna karatasi moja kubwa yenye fremu arobaini, inazunguka kutoka meza hadi meza tangu asubuhi. Kila mtunzi anachora fremu moja, anaendeleza hadithi pale ilipoachwa, anampa jirani. Kufuta hairuhusiwi. Kukataa hairuhusiwi. Mwenye fremu ya mwisho ndiye anayemaliza. Na nani alikuwa amekaa meza ya arobaini? Mimi niliyekuja kuchukua mtoto!

Hadithi ilianza na kuku aliyepanda lifti na kusahau ghorofa. Upuuzi mtupu mpaka fremu ya kumi na moja. Hapo kuku anashuka, na mbele yake kuna msichana mwenye begi amesimama nje ya mlango uliofungwa. Mlango ule ni wa kwangu. Kuna mkwaruzo wa baiskeli chini kushoto, sentimita kumi na nane kutoka sakafuni. Nilimchapa binti yangu kwa ajili ya mkwaruzo huo alipokuwa na miaka saba. Kuanzia hapo watunzi ishirini na wanane wamejaribu kumsaidia. Mmoja kaleta funguo, mwingine kaleta tembo, mwingine kamletea tu mwavuli maana aliona kunataka kunyesha. Fundi friji, fremu ya thelathini na tisa, amekagua bawaba zote na kutoa taarifa ya kitaalamu: mlango huu hauna ubovu wowote, unafunguliwa na aliye ndani. Msichana amekalia begi anasubiri. Imebaki fremu moja.

Nilishika kalamu. Mkono huu, ambao haujawahi kusita hata siku mkurugenzi alipokuwa anapumua juu ya bega langu, ulizunguka juu ya karatasi bila kupata pa kuanzia, nikaona aibu mbele ya fundi friji. Nikaukunja ukurasa, nikautia ndani ya bomba, nikatoka. Mlitangaza kwenye kipaza sauti mara tatu kwamba kazi ya watu arobaini imepotea. Nilisikia nikiwa mlangoni. Mlinzi wenu alinishikia mlango akanipa hongera! Tamasha gani hili ambalo mzee mzima anaiba mchana kweupe na anapongezwa?

Kwa sababu hizo zote, naitaka kamati, kwanza, ipige marufuku katuni yoyote kuhusu mzazi aliye hai bila kibali chake chenye mhuri. Pili, rula zote za watunzi zikaguliwe getini, nami niko tayari kujitolea kwa kazi hiyo. Tatu, tamasha lifutwe moja kwa moja, fundi friji arudi kwenye friji na kila mtu ajifungie kwake na upweke wake kama zamani, tulikuwa tumeshauzoea. Na nne, likishindikana lolote kati ya hayo, basi hili tu: mnirudishie binti yangu. Mmekaa naye miaka miwili, mnamchekea, mnampangia foleni. Alikuwa wangu kabla hajawa wenu.

Nifikishie salamu kwa wanakamati wote, kwa dada wa mapokezi, kwa mlinzi mwenye adabu zisizo na mahali pake, na kwa yule mama mwenye miwani ya duara. Fundi friji mwambie nimesoma vitabu vyote viwili na habari ya yale maziwa iliniuma. Mke wangu naye anawasalimu. Amejaribu kuisoma barua hii mara mbili na mara zote ameshindwa kwa kucheka.

Ni mimi, mwenye vipimo vyake,

Mchora ramani mstaafu
(Meza ya Arobaini)

Tanbihi: Naambatanisha ule ukurasa, na fremu ya mwisho nimeichora. Fomu ya kazi msiniulize tena, nimeimaliza upande wa nyuma nikifanyia mazoezi, mara kumi na saba, maana sikujua kwamba mlango ulio wazi ni mgumu kuchora kuliko uliofungwa. Mwaka ujao nitahitaji meza, ya kumi au ya kumi na mbili, msinipeleke tena chooni. Sehemu ya pili ya viwanja nimeshaianza. Kabla hamjautundika ukurasa huo popote, naomba upite kwanza meza ya kumi na moja. Mlango wetu una upana wa sentimita tisini, nimeupima tena leo asubuhi. Kwenye fremu, atakayefuata vipimo ataona nimeuchora tisini na mbili. Mwambieni binti yangu kwamba sikukosea, nimefanya makusudi.