Pancha Iliyoshonwa kwa Sindano

Kwa maelezo yake mwenyewe, dunia hii ilikuwa na mafundi cherehani wawili tu wa kweli: yeye, na mwingine ambaye bado hajazaliwa.

Mtaani walimwita Fundi Mikogo. Hakukasirika hata kidogo. Alidhani ni cheo.

Asubuhi hiyo Mikogo alikuwa amevaa suti ya rangi ya bilinganya aliyojishonea mwenyewe, na nyuma ya pikipiki yake alikuwa amefunga boksi lenye gauni la harusi la binti wa mwalimu mkuu. Harusi ilikuwa mchana ule ule, huko mbali, barabara ya vumbi mwanzo mwisho. Na mwalimu mkuu alikuwa ametamka kwa kinywa chake: gauni likifika kwa wakati na likampendeza bibi harusi, basi sare za shule nzima atashona Mikogo. Shule nzima! Tangu siku hiyo jamaa alikuwa akiota kaptura tu.

Mkewe alimfuata mlangoni na kimfuko cha viraka na gundi.

"Mume wangu, chukua na hivi. Njia ile haina gereji."

"Viraka? Unanipa viraka mimi? Mama watoto, mimi ndiye baba wa viraka!"

"Ni vya tairi hivi, si vya suruali."

"Kilichotoboka ni kilichotoboka!" akasema Mikogo, akapiga kiki na kuondoka, tai ikipepea begani.

Mke akabaki na kimfuko mkononi. Alikuwa ameshamzoea.

Basi, mahali ambapo hata kunguru hupita bila kutua, pikipiki ikaanza kukata viuno. Mikogo akadhani ni furaha. Ilipotaka kumwingiza mtaroni ndipo aliposhuka na kuinama. Tairi la nyuma lilikuwa limelala chali na msumari tumboni. Mbele aliona vumbi. Nyuma aliona vumbi vilevile, ila hili alilitimua mwenyewe.

Sare zake! Kaptura zake!

Hajakaa sana, akatokea mama mmoja juu ya baiskeli, kuku wawili amewafunga nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole! Pancha?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo! Si upepo wote umekwisha? Ninavyo viraka hapa na gundi, ngoja nikutolee."

Mikogo akaitazama suti yake, akawatazama wale kuku, na kuku nao wakamtazama. Aibu ikamshika. Mtu wa tai akaombe kiraka kwa mtu wa kuku?

"Asante, mama, usijisumbue. Mimi ni fundi."

"Ala! Fundi wa pikipiki?"

"Fundi ni fundi!"

"Haya, kazi njema," mama akasema, akapiga kengele na kwenda zake.

Mikogo akavua koti, akalifungua gurudumu, akalivuta tairi na kuutoa mpira wa ndani. Tundu akaliona mara moja. Lenyewe dogo, halina hata heshima! Akacheka peke yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, na nyie mnaomjua mmeshabashiri: akatoa sindano na uzi.

Akaushona mpira wa pikipiki!

Tena hakushona ovyo. Aliupiga mshono wa kurudia, akapitisha mwingine juu yake ili uwe imara, akazungusha pindo, akakata uzi kwa meno. Akausogeza mbali auone vizuri. Ulikuwa mshono mzuri kuliko wote aliowahi kushona, na alisikitika kwamba utafichwa ndani ya tairi.

Akachukua pampu aliyoifunga chini ya kiti, akajaza upepo.

Fyuuu! Fyuu! Fyi! Kila mahali sindano ilipopita, upepo ulitokea. Aliziba huku, ukatokea kule. Tundu moja lilikuwa limezaa ukoo mzima, na wote walikuwa wakipiga mluzi.

Akaketi chini, suruali ya suti na yote. Jua lilikuwa linapanda. Akakumbuka amewahi kusikia watu wakijaza tairi majani wakafika salama, lakini moto wa nyika ulikuwa umepita pale. Yalibaki mawe na miba. Akalitazama boksi. Akageuza uso. Akalitazama tena.

Lile gauni lilikuwa na mkia mrefu mno, wa kuburuzwa na kushikwa na watu. Bibi harusi alikuwa amemsihi, "Fundi, mimi sitaki mkia, utaniangusha." Mikogo akauweka kwa ubishi tu, watu wamsifu.

"Mteja ndiye mfalme," akajisemea, huku mkono ukitafuta mkasi. "Bibi harusi hakutaka mkia. Mimi nani nimlazimishe?"

Chwa! Akaukata, akapiga pindo pale pale barabarani, kisha akausokomeza mkia wote ndani ya tairi, lulu na vishada vya maua na vyote. Tairi likajaa. Akalirudisha gurudumu, akapanda. Pikipiki ikaenda ikidunda, lakini ikaenda.

Na akafika kwa wakati!

Bibi harusi alipolivaa gauni, akamrukia kwa furaha. "Fundi! Umenisikiliza! Halina mkia!"

"Mimi huwasikiliza wateja," akasema Mikogo, kidevu juu.

Mwalimu mkuu akamshika mkono kwa nguvu. "Baada ya sherehe tuzungumze habari za sare."

Hapo mwenye akili angekaa kimya, akanywa maji, akangoja. Mikogo akaona wageni wanajipanga kwenda ukumbini kwa miguu, wala hakuna anayeitazama suti yake. "Mzee," akasema, "nitatangulia na pikipiki, nifungue msafara!"

Akafungua. Hakufika mbali, tairi likaanza kutema. Kwanza kipande kidogo cheupe. Kisha kikubwa. Kisha mkia wote ukajikunjua nyuma yake, umejaa vumbi na grisi, unaburuzwa mbele ya msafara. Wageni wakadhani ni pambo, wakapiga vigelegele! Mikogo akadhani vigelegele ni vyake, akapunga mkono.

Bibi harusi ndiye aliyeukanyaga, pikipiki ikakwama. Akainama, akatazama maua ya kile kitambaa, akatazama maua ya gauni lake.

"Baba," akaita. "Njoo uone."

Mwalimu mkuu akakiokota kitambaa alichokinunua mwenyewe, akakifuata polepole mpaka kwenye tairi, na kutoka kwenye tairi mpaka kwenye suti ya bilinganya. Vigelegele vikakatika.

"Fundi," akauliza kwa ile sauti yake ya darasani, "siku ukipata pancha na sare zangu, watoto watakuja shule wamevaa nini?"

Mikogo akafikiri. Alifikiri kweli, maana swali lilikuwa la haki.

"Siku hiyo, mwalimu," akajibu, "nitatafuta majani."

Kazi ya sare akapewa mama mmoja anayeshonea kibarazani kwake. Walipomuuliza mwalimu mkuu amempendea nini, alisema mishono yake ni ya kawaida tu, lakini hana pikipiki.