Gurudumu la Dada Yako Sebuleni Kwangu

Kwako Shemeji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na wote wa nyumbani kwako. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi. Ningekupigia simu, lakini siku hizi ukiona namba yangu hupokei, kwa hiyo nimemwomba jirani anayepita mtaani kwenu akufikishie.

Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili kaka mkubwa wa mke wangu. Ni wewe uliyemfundisha kwamba mtu akishavisha pikipiki matairi mapya anaweza kuusawazisha uzito wa magurudumu mwenyewe nyumbani, kwa viti viwili tu. Hukusema viti vya nani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Viti. Mimi ni fundi cherehani na sebule ndiyo ofisi yangu, unajua. Viti ni vya wateja. Sasa vimepeana migongo katikati ya chumba, ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, imelazwa juu ya migongo hiyo, na gurudumu la mbele linaning'inia hapo kama mgeni rasmi. Jana mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni alisimama muda wote amekumbatia mkoba, akaniuliza kama nimebadilisha kazi. Nikamjibu kwamba nimebadilishiwa.

2. Feni. Imezimwa kwa amri. Dada yako anasema upepo unamdanganya. Analizungusha gurudumu polepole, analiacha lisimame lenyewe, upande mzito unashuka chini, anautia alama ya chaki. Chaki hiyo ni yangu ya kukatia suruali. Jasho linalodondokea vitambaa vya watu ni langu pia.

3. Pumzi. Hili sikulitarajia katika ndoa. Nilipoinama kutazama, aliniambia nisogee, eti napumua kwa nguvu. Nikasogea. Akasema bado. Sasa nashonea chumbani, pazia limefungwa, na anayoyafanya huko mbele nayasikia tu: kimya, kimya tena, halafu anacheka peke yake. Mke wangu hajawahi kucheka hivyo kwa jambo lolote nililofanya mimi, na nimejitahidi.

4. Ugonjwa umeenea. Alipolimaliza gurudumu akaanza kunitazama mimi. Anasema natembea nikilalia kushoto. Anasema godoro limebonyea upande wangu, kwa hiyo sasa nalala upande wa ukutani ili liishe sawasawa. Nikizidi kunyamaza, siku moja ataninyanyua aniweke juu ya viti hivyo, anizungushe aone naangukia wapi.

5. Hili nalisema bila mzaha: naogopa. Dada yako ni muuguzi, na pikipiki hiyo ndiyo humpeleka kwa wagonjwa wasioweza kufika zahanati. Njia ya huko ina mteremko ambao mimi nikiupita kwa miguu tu moyo hunidunda. Tangu avishe matairi mapya, usukani ulikuwa ukimtetemekea mikononi kila akikaza mwendo. Fundi wa gereji akamwambia atazoea. Akakataa kuzoea, akakupigia wewe. Na wewe, badala ya kumwambia atafute fundi mwingine, ukamwambia atafute viti! Kesho asubuhi anafunga gurudumu lake na kuondoka. Ashuke mteremko ule kwa kutegemea fanicha? Mke ninaye huyo mmoja, Shemeji, sina wa akiba.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uchague moja: umkataze leo hii, au uje umchukue yeye na gurudumu lake, ukae nao mpaka mmoja wao apate akili. Viti uniachie.

Wasalimie wote, wakubwa kwa watoto. Mama mkwe mwambie gauni lake liko tayari, ila lina doa la grisi mgongoni ambalo asinilaumu mimi.

Wako katika joto,
Mume wa dada yako,
Fundi cherehani (sasa wa chumbani)

Nyongeza: Dada yako ametoka kwenda dukani. Ili ionekane kwamba sina kinyongo, nimeingia sebuleni nikalisafisha gurudumu lake. Kwenye rimu kulikuwa na vipande vya plasta ya zahanati, vichafu, vimebandikwa ovyo. Muuguzi mzima! Nimevikwangua vyote kwa mkasi, rimu inang'aa. Ndipo nilipoona kwamba ndani ya kila plasta mlikuwa na kipande cha madini ya risasi, cha kuongezea uzito upande mwepesi. Nimelizungusha kidogo tu: limeshuka upande mmoja, likagoma kabisa kutulia kwingine.

Kumbe lilikuwa limekaa sawa, Shemeji. Usimkataze chochote. Vipande ninavyo mkononi, lakini sithubutu kuvirudisha kwa kubahatisha, maana mteremko ule si wa kubahatisha. Akiingia tu nitamwambia mwenyewe, aanze upya. Wewe njoo haraka. Gurudumu analiweza, njoo uniombee msamaha.