Umri wa Mikono Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Msiba! Binti yangu ametoa amri. Gauni lake la harusi nilishone mimi, baba yake, au liende kwa Mkasi, yule fundi wa ng'ambo ya barabara ambaye mikono ya mashati yake haijawahi kulingana. Sharti: nikapimwe ulevi kliniki. Eti natetemeka. Eti juzi nilishona kola kwenye mfuko. Ilikaa vizuri tu!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata ujanja. Mpwa wangu, kijana mbichi, alipoanguka ngazini, kliniki walimuuliza habari za pombe hata hajakaa. Mlinzi wa duka la dawa, mzee wa sabini na kitu, huanguka ovyo, husahau funguo, hutetemeka, na tunakunywa pamoja. Yeye aliambiwaje? Uzee tu, mzee, pumzika. Akapewa vitamini! Basi shida yangu si pombe, ni upungufu wa miaka. Nina hamsini na tisa. Kesho nitakuwa na sabini na miwili. Mlinzi ameniazima fimbo.

Jumatano, 5 Machi
Daktari ni binti mdogo, mpole. Akaniita babu. Tamu! Nikasahau jina la mwezi, makusudi. Nikatetemeka, hilo bila makusudi. Akauliza kama asubuhi nanywa kwanza ndipo mikono itulie. Nikajibu kwa fahari kwamba naam, glasi moja tu na uzi unaingia kwenye sindano bila ubishi. Akaweka kalamu chini. Akasema huo si uzee, babu. Tena kwa umri wangu mwili haubebi pombe kama wa kijana, kidogo tu kinaumiza, na wazee wengi hukosa tiba kwa kuwa kila dalili husingiziwa uzee. Miaka yote niliyojiongezea imenigeuka!

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi nikiwa na arobaini na mitano. Ndevu nimenyoa, mvi nimepaka rangi ya viatu. Foleni ndefu, jua kali. Rangi ikateremka mpaka kwenye kola. Nikamwambia daktari kwamba mimi ni mdogo wake yule mzee wa juzi. Akanipa kitambaa. Akasema kwa umri huo, basi uzee ndio hauhusiki kabisa. Kisha akauliza taratibu nimekuja kupimwa nini, pombe au miaka. Halafu, sijui nilipatwa na nini, nikamwambia naogopa gauni la mwanangu litashonwa na Mkasi. Nikalia. Machozi meusi, kwa sababu ya rangi. Nimepewa dawa, utaratibu wa kupunguza kidogo kidogo maana kuacha ghafla ni hatari, na kikundi cha kila Jumamosi.

Jumamosi, 29 Machi
Siku mbaya zimepita, tena mbaya kweli. Fimbo nimerudisha. Mlinzi nimemburuta kikundini. Analalamika njia nzima, lakini anakuja. Leo asubuhi sindano imepokea uzi na mimi sijaonja kitu! Nikakaa kwenye cherehani nikicheka peke yangu. Jioni binti akajaribu gauni. Mikono inalingana. Akanikumbatia mpaka pini zikanichoma. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumapili, 30 Machi
Mkasi amevuka barabara! Akalishika gauni, akatafuta kosa, akakosa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini nimefanyaje mikono ikatulia. Yake alikuwa ameificha mfukoni. Nikamhurumia, Mungu anisamehe. Nikamwambia daktari yupo, hodari, na kesho nitampeleka mwenyewe. Ila asiende kichwakichwa. Mimi nilikosea hesabu tu: sabini na miwili ilikuwa michache mno. Yeye aseme tisini. Fimbo nimeshamwombea kwa mlinzi.