Uzinduzi wa Mabegi ya Safari ya Songea kwa Pikipiki ya Spoti

Mheshimiwa mimi mwenyewe, kwa kuwa itifaki inataka aanze kutajwa mkubwa kuliko wote waliopo. Mwinjilisti Gideoni, uliyekubali kufupisha maombi ili hotuba ipate nafasi. Fundi Abdulmalik, ambaye tumesimama mbele ya cherehani yako na kukuzibia wateja. Yeyo Naisula kutoka Kisiwani pamoja na punda wako, ambaye leo yupo hapa kama mjumbe mwalikwa. Mke wangu Eliakunda, unayeangalia saa. Wapiga debe wa stendi ya Same. Mlioalikwa, msioalikwa, na ninyi mnaosubiri mabasi yenu tu: itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba, nimewaitikia kabla hamjaniamkia ili kuokoa muda wa taifa.

Sina haja ya kujitambulisha. Kuanzia Kisiwani mpaka Kifaru, ukiuliza Fanueli ni nani, watakuuliza kwanza wewe ni nani. Darasa la saba niliondoka mwezi Machi, si kwa kushindwa, bali kwa sababu walimu walikuwa wamenimalizia walichokuwa nacho. Na mimi ndiye niliyeteremka na baiskeli isiyo na breki kutoka Suji mpaka Makanya, nikapiga kengele kule juu kwenye kona ya kwanza, nikafika chini, nikanywa chai, nikamaliza, ndipo mlio wa ile kengele ukafika. (Vicheko. Mpiga debe mmoja anauliza chai ilikuwa ya tangawizi au ya rangi.) Ya tangawizi. Mtu asiyejua kitu hata chai hawezi kuitaja.

Ndugu wananchi, mradi huu una chimbuko lake. Dada yangu Justa, aliyenibeba mgongoni kule Mbaga mama akiwa shambani, aliolewa Songea, na ni miaka kumi na moja sasa hatujaonana. Mwezi wa tano alinipigia simu. Hakusalimu sana. Alisema ana presha ya macho, na daktari amemwambia yale yaliyokwisha kupotea hayarudi na yaliyobaki yanapungua. Akasema, “Fanueli, njoo nikuone nikiwa bado naona.” Akaagiza vitu vitatu: tangawizi ya Mamba, maharage ya nyumbani, na lile shuka la mama tulilokuwa tukijifunika wawili.

Mara moja, bila kuchelewa, ndani ya wiki sita, niliunda Kamati ya Uratibu wa Mizigo ya Safari Ndefu kwa Pikipiki ya Spoti, mwenyekiti wake nikiwa mimi, katibu mimi, na akidi ikitimia kila ninapoketi. Kwenye kikao cha kwanza cha stekholda, mjumbe Eliakunda alitoa hoja kwamba basi la Songea linapita hapa kila siku saa mbili na nusu asubuhi, na akataka kujua kwa nini mtu asipande. Kiti kiliipokea hoja, kikaishukuru, kikaamua kwamba basi ni teknolojia iliyopitwa na wakati, kikafunga mjadala. Safari ya kilomita elfu moja na mia mbili ya mtu wa hadhi yangu inahitaji pikipiki ya spoti, ile ya rangi nyekundu, ya kuinama, ambayo ukiwa Same unaiwasha na ukiizima unaulizwa habari za Njombe. (Makofi kutoka upande wa wapiga debe. Eliakunda hapigi.)

Sasa wengi wenu hamna elimu ya mizigo, na siwalaumu. Mnadhani begi ni begi. Asesimenti ya mahitaji niliyoifanya kwa miezi miwili inaonyesha kwamba pikipiki ya spoti si bodaboda, haina keria ya kufungia gunia la mkaa na mbuzi juu yake. Siti yake ya nyuma ni pana kama chapati moja, tena ya mtoto. Ekzosi yake imepanda juu kama mkia wa ng'e, kwa hiyo begi likining'inia vibaya unafika Mombo umebeba majivu. Na dereva mwenyewe amelala juu ya tenki kama anayetafuta shilingi uvunguni. Kwa hiyo masanduku ya bati tuliyakataa. Begi la mgongoni tulilikataa pia, kwa sababu Mwinjilisti Gideoni alilijaribu lenye maharage, akainama hivyo kwa robo saa, na hadi leo anahubiri akiwa ameegemea. (Gideoni anatikisa kichwa kuthibitisha.) Tukabaki na mabegi laini ya turubai, na hapo ndipo inovesheni ilipoanza.

Prototaipu ya kwanza, vipimo vyake nilivichukua mwenyewe kwa rula, kwa uangalifu wa hali ya juu, nikamkabidhi fundi Abdulmalik kwa maandishi. Fundi, ambaye ni mtu wa nidhamu, alishona kama alivyoelekezwa, turubai nje, nailoni ndani, mshono mara mbili, kamba ya kubana mdomo. Begi likatoka likaweza kuchukua kilo moja ya sukari. Fundi akanitazama, akasema, “Mzee Fanueli, hii pikipiki anapanda nani, panya?” Nikamweleza kwamba hilo ni suala la skeli. Hata hivyo tulilifanyia majaribio: tukalijaza maji, tukalining'iniza kwenye msumari kutwa nzima, na halikudondosha tone hata moja. Naomba jambo hilo liingie kwenye kumbukumbu, kwamba begi lile dogo mlilolicheka halivuji, si kutoka nje kuingia ndani, wala kutoka ndani kwenda nje.

Kwa prototaipu ya pili tuliingia ubia na sekta binafsi, yaani Yeyo Naisula. Mama huyu analeta mzigo kwenye mnada kwa punda tangu kabla ya utosi wa baadhi yenu kukauka. Mnaliona sogi la punda wake, ile mifuko miwili iliyoshikana, mmoja kushoto mmoja kulia. Nilimuuliza siri yake, nikiwa na daftari. Akasema kizito kinakaa chini na kinasogea mbele, chepesi kinakaa juu, na pande mbili zipimwe kwa mkono, si kwa macho. “Mzigo ukiegemea upande mmoja,” akasema, “punda haendi Same. Anaenda huko mzigo unakotaka.” Hayo, ndugu zangu, ndiyo ninayoyaita Fremuweki ya Fanueli ya Mlinganyo. (Naisula anasema kitu kwa Kimaasai. Wanaomwelewa wanacheka.) Vipimo vya awamu hii vilichukuliwa kwenye mgongo wa punda, kwa kuwa pikipiki ilikuwa haijapatikana kwa zoezi hilo. Matokeo mnayaona: mabegi yamemkaa kwa asilimia tisini na saba nukta tatu. Kushoto tangawizi. Kulia maharage. Juu kabisa shuka la mama, ambalo nimelifunga mwenyewe, na sikuruhusu mtu mwingine alishike.

(Sauti kutoka nyuma: “Pikipiki yenyewe iko wapi?”)

Swali zuri sana. Linaangukia awamu ya tatu ya utekelezaji.

(Sauti: “Fundi naye aliomba aione apime siti, ukamwambia iko gereji.”)

Naomba tusivuruge uzinduzi kwa mambo ya kiutendaji.

(Eliakunda anasimama. Anamfungua punda mabegi yote mawili, anayabeba begani, anavuka barabara kuelekea stendi. Honi ya basi inasikika upande wa hospitali.)

Kwa kuwa muda si rafiki, niingie kwenye kaulimbiu. Nikisema “Mabegi,” mseme “Kwanza.” Mabegi. (Kwanza.) Nikisema “Pikipiki,” mseme “Baadaye.” Pikipiki. (Kimya.)

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi kwa uvumilivu. Namshukuru Yeyo Naisula pamoja na mgongo wa punda. Kwa namna ya pekee nalishukuru lile duka la spea lililonipa kalenda ya ukutani, kwa kuwa pikipiki ya spoti iliyotumika katika mradi huu ni ile ya mwezi Agosti, na ndiyo niliyoipima kwa rula. Nyingine sina. Ya jirani pia haipo. Wala kuendesha sijui. (Kelele. Mpiga debe anakaa chini kabisa.)

Tikiti anayo Eliakunda, ilikatwa juzi. Nami napanda, msiwe na wasiwasi, macho ya dada hayasubiri awamu ya tatu.

Ila kabla sijavuka barabara, niseme kitu kimoja, na kisiingie kwenye kumbukumbu. Ile habari ya miaka minne iliyopita, kwamba daraja la Hedaru limesombwa na maji ndiyo maana nimerudi kwa miguu, niliitangaza mimi. Daraja lilikuwa zima. Mimi basini natapika. Natapika tangu utoto, nikianza sisimami, na Hedaru ndiko mbali zaidi nilikowahi kufika. Hiyo miaka kumi na moja haikuwa barabara, wala kazi, wala kamati.

(Honi tena, karibu.)

Fundi Abdulmalik, ndugu yangu. Lile begi la kwanza, la kilo moja ya sukari, lisilovuja. Bado liko kwenye msumari?

Nipe.