Yule Bibi Mwenye Taji la Minara

Alhamisi, 30 Mei 1946. Sikukuu ya Kupaa. Napoli.

Kwanza salamu, maana bila salamu mkono wangu haujui pa kuanzia. Shule niliacha mapema na tulikuwa tumefika kwenye barua tu. Salamu kwa mume wangu Catello, fundi wa miavuli, aliyelala hapo baada ya chakula cha mchana. Salamu kwa binti yangu Titina, anayeolewa tarehe kumi na sita Mungu akipenda. Salamu kwa mama yake Catello, asiyesikia kitu ila akiitwa kula. Salamu kwa kuku wetu pale roshani. Na salamu kwa Mfalme, aliye kwenye fremu juu ya kitanda, maana naye ni wa humu ndani.

Sasa taabu yangu. Jumapili nchi nzima inapiga kura, abaki mfalme au iwe jamhuri. Hata sisi wanawake tutapiga! Donna Ersilia, mama yake Libero mchumba wa Titina, ni mshonaji na ni mtu wa jamhuri hadi kwenye ncha ya sindano. Marehemu mumewe alifungwa kisiwani miaka sita kwa sababu ya maneno aliyosema dhidi ya Ufashisti, mfalme akanyamaza kimya, na mtu akarudi bila mapafu. Leo tukitoka misa kaniambia mwanawe hataoa katika nyumba inayomchagua mfalme. Akaniuliza Catello atachagua nini.

Catello! Aliyeshikwa mkono na mfalme mzee, baba wa huyu wa sasa, hospitalini, vita ile ya kwanza, akakaa wiki nzima bila kuunawa!

Nikajibu, jamhuri. Mdomo uliniponyoka. Tena nikaongeza kwamba anaitaja hata usingizini.

Ijumaa, 31 Mei

Sikupata usingizi. Lakini nimepata dawa.

Karatasi ya kura ina picha mbili. Moja ni ngao yenye taji, ndiyo ya mfalme. Nyingine ni kichwa cha mwanamke mwenye taji la minara, ndiyo ya jamhuri. Catello hajui kusoma, na macho yake hayatofautishi kuku na paka. Wakati anakula tambi na maharagwe nikamwambia yule mwanamke ndiye malkia, na ukimchagua malkia umechagua nyumba nzima, mume na watoto. Akauliza, na ngao? Nikasema ni ya watu wa kodi.

Akatafuna muda mrefu. Akasema malkia amenenepa shingo. Nikasema ni mawazo, maskini.

Katika kichochoro chetu wengi wanachanganya picha hizo bila msaada wangu. Kwa hiyo dhambi yangu ni nusu.

Jumapili, 2 Juni

Nilimwamsha Catello mapema tupige kura kabla Donna Ersilia hajafika. Kumbe mtaa mzima uliwaza kuwahi. Foleni ilifika kwenye chemchemi, wanawake wamekuja na viti vya nyumbani. Na watu watano nyuma yetu, nani? Donna Ersilia, na kiti chake. Alipita akiwaambia wanawake wafute rangi ya mdomo, kwani karatasi inafungwa kwa kulambwa, na alama nyekundu inaharibu kura. Mimi rangi sina. Nilifuta vilevile mpaka midomo ikavimba.

Catello alitoka ndani machozi yanamlengalenga. Akasema mbele ya foleni yote, “Nimempa yule bibi mwenye taji la minara. Mungu amlinde na maadui zake.”

Donna Ersilia aliangusha kiti, akamkumbatia, akamwita ndugu. Catello, akidhani mama wa watu ameokoka na kurudi kwa mfalme, akambusu mkono. Nilisimama katikati yao na chupa ya kahawa ya shayiri. Mpango umefaulu kuliko nilivyouomba!

Zamu yangu ilipofika nilishika penseli. Nikatia alama kwa yule bibi, kwa ajili ya Titina. Halafu nikaiona ngao, nikamwonea huruma Mfalme, kijana wa watu mwenye watoto wanne. Nikatia na pale, ndogo tu. Titina anasema kura hiyo imeharibika. Ya kwanza maishani mwangu.

Jumatano, 5 Juni

Jamhuri inaongoza. Mtaa wetu kama una msiba.

Catello amerudi kutoka kwa kinyozi na gazeti. Ukurasa wa mbele, yule bibi. Kinyozi alimsomea kilichoandikwa chini yake: Jamhuri. Aliketi chini ya picha ya Mfalme, kofia magotini, anadhani amemwangusha peke yake. Nikamwambia wako mamilioni wengine waliomchagua yule bibi.

“Hao walijua wanachofanya, Restituta.”

Hakupandisha sauti. Bora angepandisha. Akasema hakuna harusi mpaka amweleze Donna Ersilia ukweli, yeye mwenyewe, leo hii. Nikamfichia viatu. Akaenda na ndara, mtaa mzima huo, hadi kwake.

Titina hazungumzi nami. Analia juu ya shela.

Alhamisi, 6 Juni

Donna Ersilia amekuja. Nilikuwa nimeandaa maelezo matatu, yote mazuri. Hakutaka hata moja.

“Donna Restituta,” akasema, “mume wangu alikufa ili kila mtu achague mwenyewe. Wewe wako umemchagulia.”

Kisha akamgeukia Catello akamwomba radhi kwa niaba ya jamhuri. Catello akajibu kwamba jamhuri haina kosa. Wote wawili wakanitazama mimi. Halafu wakanywa kahawa yangu saa nzima wakikubaliana juu yangu, kila neno. Donna Ersilia akasema heri mtu wa mfalme aliyevuka mtaa mzima na ndara kusema kweli kuliko majirani kumi wa kupiga kelele za jamhuri.

Harusi ipo! Picha ya Mfalme itabaki ukutani, Donna Ersilia ataipa mgongo. Nami nimeapishwa kwa Mtakatifu Anna kwamba sitapanga tena jambo la mtu. Nimeapa nikilia, na kwa moyo wote.

Jumapili, 16 Juni

Titina ameolewa. Alikuwa mzuri hata bibi yake asiyesikia alipiga makofi. Mfalme aliondoka kwa ndege Alhamisi. Catello na Donna Ersilia wamecheza pamoja, vibaya.

Nimejifunza mengi. Watu waachwe na mambo yao.

Ila tulipokuwa tunagawa lozi za sukari, Catello aliniuliza kwa sauti ndogo kama mjukuu wa kwanza wa kiume anaweza kuitwa Catello. Desturi yetu ni jina la babu upande wa baba, najua. Lakini mtu amepoteza mfalme na kura kwa mpigo mmoja! Nikamwambia Donna Ersilia ameshakubali. Baadaye Donna Ersilia akanishika mkono, machozi tele, akauliza kama tutaheshimu jina la marehemu mumewe. Nikamwambia Catello mwenyewe ndiye aliyelipendekeza. Wakaenda kugonganisha glasi, wamefurahi ajabu.

Maharusi wamepanda treni. Nimewahi kumpa Titina kikaratasi dirishani: Mwanangu, jitahidini wawe mapacha, wote wa kiume. Nijibu upesi, nijue la kuwaambia.