Goti Linalojua Barafu

Jumanne, 12 Novemba

Shemeji Jaypeetee kapanda ndege leo kwenda mjini Iqaluit kutiwa meno ya bandia. Harudi mpaka Jumatatu. Nimemsindikiza mpaka uwanjani, nikamtakia kheri, nikampungia mkono. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Kisa ni redio ya kijiji. Kila asubuhi, baada ya matangazo ya misiba na vitu vilivyopotea, kuna dakika tano za barafu. Miaka tisa sasa dakika hizo ni zake. Ghuba imeganda, haijaganda, piteni huku, kule msithubutu. Watu wananyamaza kimya kumsikiliza. Mke wangu Leetia, ambaye ni dada yake, hunikata jicho nikiuliza tu sukari iko wapi.

Nimejitolea kumshikia nafasi. Watu wa redio wakatazamana. Mmoja akacheka, nimemwona. Mwishowe wakakubali, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuamka saa kumi na mbili.

Kuna tatizo dogo. Barafu siijui. Nimeshazama mara mbili, moja mbele ya mchungaji.

Jumatano, 13 Novemba

Ufumbuzi umepatikana! Ofisi ya chama cha wawindaji inapokea picha za setilaiti. Hiyo mashine iko juu huko inatuzunguka, na inaona barafu hata kwenye giza, hata mawingu yakitanda. Anayezichapa ni Kooyoo, binti wa dada yangu, miaka ishirini na minne. Alizaliwa mwezi aliokufa baba yangu, akapewa jina lake. Kwa hiyo mimi namwita Baba, naye ananiita mwanangu. Na anavyokishika cheo hicho! Nimeingia tu, kaniuliza mwanangu mbona hujachana nywele.

Nikasema nimekuja kumwamkia. Akafurahi, maskini. Alipogeuka kunimiminia chai nikachomoa picha moja, nikaitumbukiza kwenye buti.

Nikisema ni picha, sifa zote zitamwendea yeye. Lazima iwe kitu changu mwenyewe. Nimechagua goti. La kushoto.

Alhamisi, 14 Novemba

Loo! Nimetangaza kwamba goti limenivuta upande wa mashariki, maana yake ufa umefunguka karibu na kisiwa. Wawindaji wakaenda kutazama. Ufa huo hapo! Mchana wanawake wawili wamenisimamisha dukani kuulizia hali ya goti. Mzee Enoosie kanipisha kwenye foleni. Mimi!

Leetia kaniongeza nyama ya sili bila kuombwa. Akasema hakujua kama nimerithi kipaji cha baba yangu cha kuijua barafu. Niliona haya. Kama dakika mbili hivi.

Ijumaa, 15 Novemba

Mama mkwe ana mafua na hataki kula chochote ila samaki wa lile ziwa ng'ambo ya ghuba. Leetia anataka kwenda kumvulia samaki hao kesho. Kaniuliza mimi kama kunapitika. Hakumpigia simu kaka yake. Mimi! Nimeandika mara mbili ili nije kusoma uzeeni.

Nikaenda kwa Kooyoo mbio. Picha ya leo ni madoa matupu, meupe na meusi. Nikamwuliza kijanja, eti kuna rafiki yangu anataka kuelewa. Akaeleza kwamba panapong'aa ni barafu iliyovunjika na kurundikana, ukipita na pikipiki ya theluji kiuno kitakuuma wiki nzima. Peusi ni barafu laini, inateleza vizuri. Akaendelea, lakini mwanangu, huo weusi nao... Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Wazee wana maneno mengi.

Njia ya ziwani, kwenye picha, ni nyeusi tii.

Jumamosi, 16 Novemba



Asubuhi nilitangaza kwamba njia ya ziwani ni laini kama shavu la mtoto mchanga. Ningeishia hapo! Nikanogewa. Nikasema kijiji chenye goti kama hili kina haja gani na vile vidude vya setilaiti ambavyo ukizama unabonyeza kitufe waokoaji wakuone. Viacheni nyumbani, vinaongeza mzigo tu. Nikarudi kulala.

Nilipoamka Leetia hayupo. Kidude chake kiko mezani, kando ya birika. Kila safari huwa anacho, hata akienda kuokota kuni za pwani. Leo amekiacha kwa sababu yangu.

Nikiwa bado nimekishika, Kooyoo akaingia bila kubisha. Hakuniita mwanangu. Aliniita Mosesie. Akauliza nani kaniambia njia ya ziwani inapitika. Nikasema goti. Akasema goti lako limesoma picha yangu vibaya, maana kutoka juu maji yaliyotulia ni meusi vilevile kama barafu laini, na pale kwenye mkondo pana utando mwembamba tu juu yake. Ndiyo maana yeye huburuta kipimo chake cha unene juu ya barafu kila wiki. Picha peke yake ni nusu ya habari, alitaka kuniambia jana, nikamfungia mlango usoni.

Nilikimbia mpaka redioni na soksi. Bingo, ule mchezo wa namba, ilikuwa katikati hewani. Nikampokonya mtangazaji kipaza sauti. Nikasema Leetia rudi, goti halijui kitu, halijawahi kujua kitu, ni picha niliyoiba kwa Baba. Nikarudia mara tatu. Halafu nikakumbuka redio yetu haivuki vilima. Kijiji kizima kilinisikia isipokuwa yeye.

Tulitoka na wawindaji kwa pikipiki nne. Sikuomba lolote njiani ila kumwona. Tulimkuta kwenye rasi, anarudi taratibu, sleji yake ya kuburutia mizigo iko tupu nyuma yake. Nililia, na machozi yaliganda kwenye kope, sikujali nani anatazama.

Jumapili, 17 Novemba

Tulipotoka kanisani Leetia alinivuta kando. Kisha akanieleza. Alipofika kwenye mkondo alishuka na mtaimbo wake wa kupimia. Akajiambia leo sipimi, mume wangu kasema panapitika. Akapanda tena pikipiki. Lakini mkono haukukubali, ukagonga wenyewe barafu ya mbele, kama mama yake alivyomzoesha tangu utotoni. Pigo la kwanza tu, maji.

Akasema hajakasirika kwa sababu ya maji. Miaka ishirini na sita ananisikiliza huku akipunguza nusu. Jana ndiyo mara ya kwanza hakupunguza kitu, na alikuwa anaendesha huku anaimba.

Nimeosha vyombo.

Jumatatu, 18 Novemba

Jaypeetee karudi, meno meupe kama ya tangazo. Habari alizipata uwanjani kabla hata ya mizigo. Hakunicheka. Kanipeleka redioni tukasimame pamoja mbele ya watu. Mtangazaji akaniuliza basi hali ya ghuba leo ikoje. Nikasema sijui.

Halafu simu zikaanza! Mzee Enoosie kasema ni mwanamume kweli anayeweza kusema hivyo. Kooyoo kasema anajivunia mwanawe. Mchungaji anataka niseme maneno mawili Jumapili. Nyumbani Leetia kanishika bega, akasema sasa ataanza tena kuniamini, kidogo kidogo.

Ila nimeliona jambo moja. Simu zilipozidi, Jaypeetee naye akavuta kipaza sauti, akasema hata yeye kuna mengi asiyoyajua. Ebo! Wakampigia makofi. Anaiga waziwazi!

Hanifikii lakini. Kuanzia kesho nitakuwa mnyenyekevu kuliko yeye, na kijiji kizima kitakiri. Nimeomba dakika kumi kila asubuhi. Orodha ya mambo nisiyoyajua imefika arobaini na moja, na mengine nayajua vizuri sana.

Leetia kachungulia sasa hivi, kauliza naandika nini. Nikainamisha kichwa, nikasema sijui. Akatabasamu, akaniamini.